Neno "exigency" na jamaa zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hulikuta neno hili mara ya kwanza kwenye barua isiyo na habari njema: likizo imeahirishwa, uhamisho umeharakishwa, mkataba umekatishwa. Wengine hulikuta kwenye hukumu za mahakama za Marekani au kwenye fomu ya mwajiri. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudiwarudiwa na makarani, wafasiri, wanafunzi wa sheria na watumishi waliokwisha kufunga mabegi. Kila jibu linajitegemea, na pale linapogusa jibu jingine nimetaja namba yake.

## Mwanzo kabisa

1. *Exigency* maana yake hasa ni nini?

Ni hali inayodai jambo lifanyike, tena sasa hivi. Uzito uko kwenye kudai kuliko kwenye haraka. Bomba la jikoni likipasuka saa nane usiku, maji hayakuombi uamke, yanakuamsha. Nguvu hiyo ya kukutoa kitandani bila hiari yako ndiyo *exigency*.

Neno hili hutumika zaidi kwa wingi, *exigencies*, na hapo maana huwa "mambo yanayolazimisha". *The exigencies of war* ni yale ambayo vita humshurutisha mtu kufanya, hata kama asingeyafanya wakati wa amani. Kivumishi chake ni *exigent*. Kitenzi chake hakipo: huwezi "ku-exigent" kitu.

2. Linatamkwaje?

Kuna matamshi mawili na yote yanakubalika: EK-si-jen-si, mkazo ukiwa mwanzoni, au ig-ZI-jen-si, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili. *Exigent* ni EK-si-jent. Herufi "g" husomwa kama "j" ya jembe.

3. Limetoka wapi?

Kwenye kitenzi cha Kilatini *exigere*, kilichoundwa na *ex*, yaani nje, na *agere*, yaani kuendesha au kuswaga. Mwanzo kilikuwa kuswaga nje, kama mchungaji anavyotoa mifugo zizini. Baadaye kikawa kudai deni na kutoza, kisha kupima kwa mizani. Ndiyo maana *exact*, *examine* na hata *essay* ni watoto wa mzizi huohuo: mtoza kodi, mtahini na mwandishi wa insha wana babu mmoja. Kiingereza kilimpokea *exigent* katika karne ya 15, na *exigency* akafuata mwishoni mwa karne ya 16.

Kumbuka hilo la deni na hutasahau maana. *Exigency* ni hali iliyokuja kukudai, imesimama mlangoni, na haitaki kusikia habari za kesho.

4. Lina tofauti gani na *urgency*, *emergency*, *necessity* na *expediency*?

*Urgency* ni kipimo cha haraka. Kitu kinaweza kuwa cha haraka kidogo au cha haraka sana. *Emergency* ni tukio lenyewe: moto, ajali, mafuriko. Huko Kenya miaka ya kuanzia Oktoba 1952 hadi 1960 bado inaitwa Imajensi, na lugha ya kisheria ya Kiswahili ikaiita "hali ya hatari". Hakuna aliyeiita *exigency*, kwa sababu *exigency* si tukio bali ni lile ambalo tukio linakudai. Nyumba ya jirani kuwaka ni *emergency*. Kuuvunja mlango wake umtoe mtoto, bila kungoja ruhusa ya mwenye nyumba, ndilo linalodaiwa.

*Necessity* ni ulazima usio na saa. Chakula ni lazima leo, na mwakani pia.

Wa kuogopwa ni *expediency*. Kwa sauti anafanana na *exigency*, kwa maana wako mbalimbali: yeye ni kufanya linalofaa kwa wakati huo, mara nyingi bila kujali kama ni haki. Ukiandika kwamba halmashauri ilichukua hatua kwa *political expediency* hukuitetea, umeitukana. Nimewahi kuona rasimu ya taarifa rasmi ikibeba kosa hilo hadi hatua ya mwisho ya uhariri.

5. Kwa Kiswahili tuseme nini? "Dharura" inatosha?

Inatosha na haitoshi. Dharura tuliyoipokea kutoka Kiarabu ilikuwa nzito: ulazima unaomfika mtu hadi akakosa njia nyingine. Wanaosoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanaijua kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na wanaijua aya ya 173 ya Sura Al-Baqara, kwamba aliyelazimika kula kilichoharamishwa, bila kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi. Kanuni hiyo ina mwenzake ambaye husahauliwa: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliyekaribia kufa kwa njaa hula cha kumwokoa, hafungashi cha kesho kutwa. Maana hiyo ya zamani inakaribiana na *exigency* kuliko neno jingine lolote tulilonalo, na itatusaidia sana tukifika swali la 9.

Tatizo ni matumizi ya leo. "Nimepata dharura" umekuwa ujumbe wa simu wa kukwepea kikao cha harusi. Tena wengi wanaichanganya na "udhuru", ambao ni sababu ya kusamehewa jambo: mgonjwa ana udhuru wa kutofika, daktari anayekimbizwa wodini ana dharura. Dharura ikishuka hadi kuwa udhuru, mfasiri hana budi kuiongezea nguzo.

Mimi huandika hivi. *Exigencies of the service*: mahitaji ya kazi yasiyokwepeka. *Exigent circumstances*: mazingira ya dharura, na kwenye maandishi ya sheria naongeza "yanayolazimisha hatua ya papo hapo". *Exigencies of war*: mashurutisho ya vita. Sitaki kusikia "uharaka", maana haraka ni mwendo tu, na mtu anaweza kuwa na haraka bila kudaiwa na chochote.

## Ofisini na kazini

6. Barua inasema likizo yangu imeahirishwa "due to exigencies of the service". Wanamaanisha nini, na wanaruhusiwa?

Wanamaanisha kwamba kazi imedai uwepo wako. Msemo huu ni urithi wa utumishi wa kikoloni wa Uingereza, na utaukuta Nairobi, Lagos na New Delhi ukiwa na sura ileile. Uzuri wake, kwa anayeuandika, ni kwamba haumtaji mtu. Hakuna aliyekunyima likizo, ni "mahitaji". Ndiyo maana unapendwa.

Kuhusu ruhusa, sheria ya nchi yako ndiyo inayosema, wala si uzuri wa msemo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Mwajiri anaweza kupanga lini zichukuliwe, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha. Inaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi amekubali na mahitaji ya uendeshaji yanahalalisha. Angalia maneno yenyewe: sheria imesema mahitaji ya uendeshaji, na *exigencies* haimo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka angalau siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Watumishi wa umma wana kanuni zao juu ya hizo, kwa hiyo soma kanuni za utumishi wako kabla ya kubishana.

Ushauri wangu: usilumbane na neno. Jibu kwa maandishi, kubali kwamba umepokea barua, kisha uliza tarehe mpya. Dharura inayoeleweka ina mwisho. Isiyo na mwisho ina jina jingine, nalo ni upungufu wa watumishi.

7. Naweza kuliandika kwenye barua pepe kwa mkuu wangu?

Unaweza, lakini utachekesha. "I have an exigency" haisemwi. Andika *urgent matter*, au sema wazi kilichotokea: mtoto anaumwa, gari limeharibika. *Exigency* hupenda karatasi yenye nembo, na hupenda kufuatiwa na *of*: *of the service*, *of the situation*, *of the moment*.

8. Nipo Marekani. Fomu ya kazini inataja "qualifying exigency". Ni nini?

Ni aina ya likizo chini ya sheria ya shirikisho ya likizo za kifamilia na kiafya ya mwaka 1993. Aina hii iliongezwa mwaka 2008 kwa ajili ya familia za wanajeshi. Kama mume, mke, mtoto au mzazi wako ni mwanajeshi anayepelekwa kazini nchi za nje, au ameitwa kwa ajili hiyo, unaweza kupata hadi wiki 12 katika miezi 12. Likizo hiyo haina malipo, ila nafasi yako ya kazi inalindwa.

Hapa *exigency* imefungwa ndani ya orodha, haiachiwi mwajiri aitafsiri anavyopenda. Kwenye orodha kuna taarifa ya kuondoka iliyotolewa siku saba au pungufu kabla ya safari, kupanga malezi na shule ya watoto, kushughulikia mambo ya kisheria na ya fedha kama hati ya uwakilishi, na kukaa na mwanajeshi aliyepewa mapumziko mafupi, hadi siku 15. Kumuuguza mwanajeshi aliyejeruhiwa si humu. Hiyo ni likizo nyingine, inayofika wiki 26.

Masharti ya kawaida ya sheria hiyo yanabaki: uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mwajiri wa sekta binafsi awe na wafanyakazi 50 au zaidi.

## Polisi na mahakama

9. "Exigent circumstances" ni nini katika sheria ya Marekani?

Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanawalinda watu dhidi ya upekuzi usio wa haki, na kwa nyumba ya mtu kanuni ni kwamba polisi wawe na hati ya hakimu. *Exigent circumstances* ni mlango wa pembeni: mazingira ambayo kungoja hati kungemgharimu mtu uhai, kungemwachia mtuhumiwa atoroke, au kungeacha ushahidi uteketezwe.

Mfano rahisi kuukumbuka ni kesi ya Brigham City v. Stuart ya 2006, kutoka Utah. Polisi waliitwa usiku wa manane kwa sababu ya kelele za sherehe. Kupitia dirishani waliona watu wazima wanne wakimzuia kijana jikoni. Kijana akachomoa mkono akampiga mmoja wao ngumi ya uso, naye akatema damu kwenye sinki. Polisi wakaingia bila hati. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba walikuwa na haki. Hawakulazimika kungoja mtu azimie kwanza.

Sasa linganisha na Mincey v. Arizona ya 1978. Mtu aliuawa ndani ya nyumba huko Tucson, na polisi wakaipekua nyumba ile kwa siku nne bila hati. Mahakama ikakataa. Kuingia kutafuta majeruhi au muuaji aliyejificha ni sawa, lakini mtu wa mwisho akishapatikana dharura imekwisha, na kufungua droo siku ya tatu kunahitaji hakimu. Aliyesoma swali la 5 ataitambua kanuni hii hata akiwa hajawahi kukanyaga Arizona.

Mahakama imekataa pia kuifanya dharura iwe ya moja kwa moja. Katika Missouri v. McNeely ya 2013 upande wa serikali ulisema kilevi hupungua kwenye damu kila dakika, kwa hiyo kila dereva mlevi anaweza kutolewa damu bila hati. Jibu likawa kwamba kila tukio litazamwe kivyake.

10. Je, polisi wakiitengeneza dharura wenyewe?

Ndilo swali la Kentucky v. King, 2011. Huko Lexington polisi walimfuata muuza dawa za kulevya hadi kwenye jengo la fleti, wakampoteza, wakasikia harufu ya bangi kwenye mlango ambao hakuwa ameingia. Wakabisha hodi kwa nguvu wakajitambulisha. Ndani wakasikia vitu vikisogezwa, wakadhani ushahidi unateketezwa, wakauvunja mlango. Utetezi ukasema: mmebisha hodi wenyewe, mkaleta purukushani wenyewe, kisha mnaiita dharura!

Majaji wanane dhidi ya mmoja, Ruth Bader Ginsburg, waliona kwamba kubisha hodi si kosa, na kwamba polisi hufungiwa mlango huu wa pembeni pale tu wanapovunja au kutishia kuvunja Marekebisho ya Nne. Kesi ikarudi Kentucky, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikasema serikali haikuthibitisha kwamba dharura yoyote ilikuwepo: watu kutembea ndani ya nyumba yao si ushahidi wa kuteketeza kitu. Wanaoifundisha kesi hii mara nyingi huishia kwenye nusu ya kwanza.

Kutengeneza dharura kwa kalamu ni jambo jingine, na lilitokea. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, FBI walizoea kuandikia makampuni ya simu *exigent letters*, barua zinazosema kuna dharura, tupeni kumbukumbu za namba hizi, karatasi rasmi zitafuata. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria aliripoti mwaka 2007, na tena 2010, kwamba barua hizo zilizidi 700. Nyingi hazikuwa na dharura, na karatasi zilizoahidiwa mara nyingi hazikuwa zimeombwa popote.

11. "Hati ya dharura" ya kwetu ni kitu hichohicho?

Hapana. Hati ya dharura ni *certificate of urgency*. Mahakamani inaomba shauri lisikilizwe mapema. Bungeni inafupisha safari ya muswada. Mwaka 2017 Bunge la Tanzania lilipitisha miswada ya kulinda maliasili kwa hati ya dharura, na watu wengi wakalisikia jina hilo redioni kwa mara ya kwanza. Hati hiyo inaharakisha utaratibu, lakini hakimu au Bunge bado wapo. *Exigent circumstances* huruhusu hatua kabla hakimu hajaulizwa.

Kilicho karibu zaidi ni upekuzi wa dharura katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, unaomruhusu askari kupekua bila hati pale hali ilivyo nzito na ya haraka. Maneno yake ya Kiingereza ni *seriousness and urgency*. Ukitafsiri hukumu ya Marekani kwa msomaji wa Dar es Salaam, mpe mfano huo kabla ya hati ya dharura.

## Pembeni kidogo

12. Chuo kikitangaza "financial exigency" kimefilisika?

Bado. Ni msamiati wa vyuo vya Marekani. Profesa mwenye ajira ya kudumu hafukuzwi ovyo, lakini tamko la mwaka 1940 kuhusu uhuru wa kitaaluma liliacha upenyo: ajira inaweza kukatishwa kwa sababu ya *financial exigency*, mradi ithibitike kwamba ni ya kweli. Tangu hapo ugomvi wote uko kwenye "ya kweli". Tafsiri yangu: msukosuko wa fedha unaolazimu kupunguza watumishi.

13. Ninatoka Lubumbashi, Kifaransa nakijua. Si ndiyo *exigence* yetu?

Ni ndugu, ila amelelewa kwingine. Swali hili huja pia kutoka Bujumbura na Kigali. *Exigence* ya Kifaransa ni sharti au dai: *les exigences du poste* ni sifa zinazotakiwa kwa kazi, hata kama hakuna haraka yoyote. Kwa Kiingereza hizo ni *requirements*. Na *exigeant* ni mtu asiyeridhika upesi; Kiingereza cha kila siku humwita *demanding*. Ukitaka neno la Kifaransa linalobeba saa, ni *urgence*, lililoandikwa kwenye mlango wa hospitali.

14. Mwanangu anasoma sekondari Marekani na mwalimu wake wa Kiingereza anauliza "what is the exigence?" Anataka nini?

Anataka kujua kilichomsukuma mwandishi achukue kalamu wakati ule. Matumizi haya yametoka kwa Lloyd Bitzer, msomi wa Marekani wa sanaa ya hotuba, aliyeandika mwaka 1968 kwamba *exigence* ni kasoro yenye uharaka, kitu kinachongoja kutendwa. Mtoto asijibu "mada ni ubaguzi". Ajibu: nini kilikuwa kimetokea wiki ile hadi hotuba ikahitajika? Tahajia ni *exigence*, bila "y".

15. Mtu anaweza kuitwa *exigent*? Na niliona "an exigent" kama nomino. Ni kosa la chapa?

Mtu anaweza, ingawa ni kwa nadra: *an exigent employer* ni mwajiri anayekukamua. Kuhusu nomino, si kosa la chapa, ni neno lililozeeka. Katika sheria ya Uingereza ya zamani *exigent* ilikuwa amri kwa mkuu wa wilaya amwite mshtakiwa aliyejificha katika mabaraza matano yanayofuatana; asipotokea hadi la tano, anatangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Deni la swali la 3 likidaiwa kwa sauti, mara tano.

Pia ilimaanisha saa ya shida. Katika igizo la Julius Caesar la Shakespeare, sehemu ya tano, majeshi yameshakaribiana na Antony na Octavius bado wanagombania nani akae mkono gani wa uwanja. Antony anauliza: "Why do you cross me in this exigent?" Julius Nyerere aliutafsiri mchezo huo kwa Kiswahili, tafsiri ikatoka mwaka 1963, kwa hiyo mstari huo ulishampitia Mwalimu mikononi. Mwenye nakala nyumbani afungue hapo mwanzoni mwa sehemu ya tano.